Tunawazika Baba Zetu kwa Sababu ya Aibu



Naanza na maswali mawili, na naomba uyajibu kabla hujaendelea kusoma. La kwanza: babako ana miaka mingapi? Hilo umelijibu haraka. La pili: mara ya mwisho kupimwa tezi dume ilikuwa lini?

Hujui. Hata mimi nilikuwa sijui. Tunajua namba ya siri ya simu ya mzee, tunajua deni lake dukani, tunajua timu anayoshabikia, lakini hatujui kama anapata shida kukojoa. Na yeye hakwambii. Anaweza kuingia kaburini hajakwambia.

Niwaeleze ya ami yangu, mdogo wake babangu. Familia imeniruhusu, ila jina silitaji.

Ami alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Alfajiri ukiingia msikitini wamkuta keshafika zamani. Halafu ghafla akahamia safu ya mwisho, karibu na mlango. Sisi vijana tukafanya mzaha, tukasema ami siku hizi analinda viatu visiibiwe. Kumbe mwenzetu alikuwa hawezi kumaliza rakaa nne za Isha bila kutoka. Mkojo unambana, akienda chooni yatoka matone, anatia udhu upya, akisimama tu unambana tena. Usiku alikuwa akiamka mara tano, mara sita. Mkewe alijua. Aliambiwa anyamaze, akanyamaza.

Akaenda kwa muuza dawa za mitishamba, akaambiwa ni ngiri, akapewa chupa. Alikunywa zile chupa miezi na miezi. Mgongo ukaanza kuuma, akaambiwa ni uzee, akasugulia mafuta. Akaenda zahanati, akapewa vidonge vya maumivu na dawa ya mkojo mchafu. Hakuna aliyemuuliza zaidi ya hapo. Siku miguu ilipokataa kumbeba ndipo tukamkimbiza hospitali kubwa kwa tuktuk, mimi nimeshika mabega, binamu yangu ameshika miguu. Majibu yalipotoka daktari alitutazama akauliza swali moja tu: "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Saratani ilikuwa imeanzia kwenye tezi dume na tayari imeingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Alikuwa na miaka 61. Aliishi miezi kumi na moja baada ya hapo. Minne ya mwisho hakuinuka kitandani, ametiwa mpira wa mkojo, anageuzwa na wanawe kama mtoto. Na sisi tuliomcheka kwa kuhamia safu ya nyuma ndio tuliobeba jeneza.

Sipendi kuandika haya. Naandika kwa sababu kila msiba wa mzee mtaani kwetu nasikia maneno yale yale. "Aliugua kidogo tu." "Mgongo ulikuwa ukimsumbua." "Kazi ya Mungu." Siku ya mtu imeandikwa, hilo hatubishani. Lakini ile miaka ya kunyamaza hatukuandikiwa. Tuliichagua wenyewe, na tutaulizwa kwa tulichokichagua.

*KITU CHENYEWE NI NINI?*

Tezi dume ni kiungo kidogo, kama ndimu changa. Kiko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya utumbo wa haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kila mwanamume anacho. Babako anacho, imamu anacho, mheshimiwa gavana anacho, na wewe unayesoma ukiwa na miaka 22 unacho.

Umri ukisonga, tezi hii inaweza kukua bila kuwa na saratani yoyote. Hiyo ndiyo inayowasumbua wazee wengi kwa kukojoa, na ina dawa, na ikibidi ina upasuaji. Kwa hivyo mzee wako akiamka usiku mara tatu usianze kumlilia. Mpeleke ajulikane ana nini.

Lakini sikiliza hapa vizuri. Saratani mara nyingi huanzia pembezoni mwa tezi, mbali na ule mrija. Kwa hivyo mwanzoni haibani chochote. Haiumi, haitoi damu, haimwamshi mtu usiku. Mzee anakula, anakwenda kazini, anaoa mke wa pili, na kitu kinakua ndani. Ukingoja dalili, umengoja mpaka ugonjwa ukomae. Ndiyo maana kupimwa kunatakiwa wakati mtu yuko mzima, hana shida yoyote. Sisi tumezoea kwenda hospitali tukiwa tumebebwa.

Sasa tazama hesabu. Mwaka 2022 wanaume wapatao milioni 1.5 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na karibu 397,000 walifariki kwayo. Hapa Kenya ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema wagonjwa wapya kwa mwaka watapanda kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 ifikapo 2040, na mzigo mkubwa utaangukia nchi kama zetu.

Na sisi wenye asili ya Afrika tuko pabaya zaidi. Uingereza, mwanamume 1 kati ya 8 hupata saratani hii maishani mwake. Kwa wanaume weusi wa huko huko Uingereza ni 1 kati ya 4. Ukiwa na baba au ndugu wa toka nitoke aliyeugua, hatari yako inakuwa kama mara mbili ya mwingine. Unaona sasa kwa nini nakuandikia wewe kijana? Ugonjwa wa babako ni habari yako pia. Mzee akificha, ameficha na kitu ambacho wewe ungepaswa kumwambia daktari wako utakapofika miaka 40.

Na tofauti ya mapema na kuchelewa si ndogo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikipatikana ingali ndani ya tezi, karibu wagonjwa wote wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Ikipatikana imeshasambaa mbali, kama ilivyokuwa kwa ami, wanaobaki ni kama mmoja kati ya watatu. Huko ni kwenye dawa zote na mashine zote. Hapa kwetu hesabu mwenyewe.

*VISINGIZIO VYETU*

Nimekuwa nikizunguka na jambo hili barazani, kwenye kahawa, maskani, mpaka kwenye madrasa za watu wazima. Majibu nimeyakariri.

*"Mimi siwezi kutiwa kidole."* Hili ndilo la kwanza kila mahali, na kila mahali linafuatiwa na kicheko. Wacha nicheke na mimi kidogo, halafu tuongee kama watu wazima. Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinaitwa PSA. Unachomwa sindano mkononi kama unavyopimwa malaria au sukari, basi. Daktari akiona haja ya kupapasa tezi kwa kidole, anavaa glavu, anatia mafuta, na jambo lenyewe ni sekunde chache tu. Mamako alipokuzaa wewe aliguswa na nani, mara ngapi, kwa saa ngapi? Dada zako wanaopimwa mlango wa kizazi wanapitia nini? Hawa tunawaambia wavumilie. Sisi wenye vifua, wenye sauti, tunakimbia sekunde chache halafu tunajiita wanaume.

Na wewe unayerusha ule mzaha barazani, jua unachofanya. Pale kuna mzee amekaa na kikombe chake cha kahawa, alikuwa ameshaamua kesho aende. Akikusikia anacheka na wenzake, na kesho haendi. Mzaha wako unaweza kumzika mtu.

*"Ni aibu, ni uchi."* Stara ni jambo kubwa kwetu na sitaki kulidharau. Lakini masheikh wetu wamefundisha siku zote kwamba penye haja ya matibabu, daktari anaruhusiwa kuona anachohitaji kuona, kwa kiasi kinachohitajika. Una haki ya kuomba daktari mwanamume. Una haki ya mlango kufungwa. Omba. Ami aliogopa kufunuliwa na mtu mmoja kwa dakika moja, akaishia kufunuliwa kila siku na watoto wake, na majirani, na kila aliyekuja kumgeuza. Stara aliyokuwa akiilinda ndiyo ugonjwa uliyomnyang'anya.

*"Huo ni ugonjwa wa wazinifu."* La. Wapo wazee wanaonyamaza kwa sababu wanaogopa mke au watoto wataona kukojoa kwa shida ni kisonono. Saratani ya tezi dume haiambukizwi, huipati kwa mtu na humpi mtu. Inakuja na umri, na damu ya ukoo, na sababu nyingine ambazo hazina uhusiano na tabia ya mtu. Ukimdhania mzee vibaya kwa sababu ya mkojo, umemdhulumu mara mbili.

*"Nina dawa ya mitishamba."* Hapa nitakuwa mkali. Fungua simu yako sasa hivi utafute maneno "tezi dume". Utakutana na mtu ana chupa, ana namba ya simu, anasema inayeyusha tezi kwa siku 21 bila upasuaji. Huyo hajakupima damu. Hajui kama una saratani, au tezi imekua tu, au una maambukizi. Anachojua ni kwamba una aibu, na aibu yako ndiyo biashara yake. Anauza dawa pamoja na siri: hutaonekana hospitali, hutaulizwa, hutaguswa. Sina ugomvi na mwenye kunywa mdalasini na habba soda yake. Ugomvi wangu ni na anayemwambia mgonjwa asiende hospitali. Mtu huyo anakula miezi ya maisha ya watu.

*"Nikitibiwa nitapoteza nguvu za kiume."* Hili ni la kweli kiasi, na ninashukuru wanaolisema wazi, manake ndilo lililo moyoni mwa wengi. Upasuaji na mionzi vinaweza kuathiri nguvu za kiume na uwezo wa kuzuia mkojo. Wengine hurudi sawa, wengine hawarudi vile. Lakini angalia: aliyegunduliwa mapema ndiye mwenye nafasi ya kuchagua. Anaweza hata kuambiwa hahitaji kutibiwa sasa, awe anafuatiliwa tu kwa vipimo. Aliyechelewa hachagui. Tiba ya saratani iliyosambaa ni kuzima homoni ya kiume yenyewe, kwa sindano au kwa kutolewa korodani. Kwa hivyo mwenye kukimbia kipimo kwa kuogopa hilo, anakimbilia huko huko anakokuogopa.

*WAKUBWA NAO WANAFICHA, NA WENGINE WALISEMA*

Usidhani ni sisi tu watu wa mtaani. Desemba 2023 Lloyd Austin, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, mtu mweusi, mwenye jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani chini yake, aligunduliwa kuwa na saratani hii. Akapasuliwa tarehe 22 mwezi huo. Hakumwambia hata rais wake. Januari akarudishwa hospitali kwa matatizo ya baada ya upasuaji, na Biden akaja kujua habari ya saratani tarehe 9 Januari. Baadaye Austin alisimama mbele ya waandishi wa habari akakiri kwamba alikosea kuficha. Kama mtu mwenye kuamrisha makombora anaona haya kusema, sembuse hamali wa Marikiti?

Lakini jambo moja lilimwokoa: alikuwa amepimwa, na ugonjwa ukaonekana mapema.

Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligunduliwa mwaka 1997. Akasema hadharani, akatibiwa, akaishi miaka mingine 24, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Mandela aligunduliwa mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 83, akapigwa mionzi, akaishi mpaka 2013. Wazee hawa walipata miaka ya kuwaona wajukuu. Ami wangu hakumwona mjukuu wake wa kwanza.

*SASA SERIKALI*

Kama ningeishia hapo, wenye ofisi wangefurahi sana. Wangesema "naam, tatizo ni utamaduni wa watu wa Pwani." Hapana bwana. Aibu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni yenu.

Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, wakati huo akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu wa nchi hii, aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa San Francisco, Marekani. Alilisema wazi, na kwa hilo anastahili sifa. Yuko hai, amekuwa seneta na amekuwa gavana, Mungu ampe umri. Lakini jiulize: mwenye dhamana ya hospitali zetu zote alivuka bahari kutibiwa. Mvuvi wa Vanga avuke nini?

Kwa miaka mingi mashine ya mionzi ya hospitali za umma ilikuwa Kenyatta, Nairobi, peke yake. Mgonjwa wa Lamu alipanda basi mchana kutwa na usiku kucha, na akifika anaambiwa foleni ni ya miezi. Vituo vya Mombasa, Nakuru na Garissa vimekuja juzi juzi tu, na vimekuja baada ya watu wengi kufa njiani. Tunashukuru vimekuja. Lakini kituo cha tiba bila kupima watu mapema ni kungojea wagonjwa waliokwisha haribika.

Angalia kambi za afya zinazoletwa mtaani. Hema, spika, fulana, picha na mwakilishi wa wadi. Mama anapimwa matiti, anapimwa mlango wa kizazi. Alhamdulillah, na iendelee, mama zetu wanastahili zaidi ya hapo. Baba anapimwa presha na sukari, anapewa dawa ya minyoo, anaambiwa aende. Wiki jana nilimuuliza muuguzi wa kambi moja, PSA iko wapi? Akanijibu kwa upole kabisa: "Haikuletwa." Haikuletwa kwa sababu hakuna aliyeiitisha.

Halafu kuna SHA. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara analipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, ila anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mzee wa mkokoteni anayepata riziki ya siku kwa siku anaambiwa atoe ya mwaka mara moja, na bado mnashangaa mbona hajalipia? Na mfuko ulipoanza, kikomo cha saratani kiliwekwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Aliyewahi kuuguza saratani anajua pesa hizo zinakwisha lini. Kumpata mgonjwa mapema kunaokoa uhai na kunaokoa pesa zenu wenyewe, basi hata kama hamtuhurumii, hurumieni bajeti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Jedwali la Nne linaziweka hospitali za kaunti na zahanati mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo kipimo cha damu kwa baba mwenye miaka 50 si sadaka ya mheshimiwa, na hatudaiwi makofi tukipewa.

*KUNA WANAOPINGA KUPIMA, NAO WANA HOJA*

Nisije nikaambiwa nimeficha upande mwingine. Kipimo cha PSA si kamili. Kinaweza kupanda kwa sababu tezi imekua tu, au kuna maambukizi. Wengine majibu yao yako juu na hawana saratani, wanapata hofu bure na vipimo vya ziada. Na ziko saratani za tezi dume zinazokwenda polepole mno, mtu angefariki kwa uzee bila hata kujua anayo. Akitibiwa kwa pupa, anapata madhara bila faida. Kwa sababu hiyo mwaka 2012 jopo la Marekani linaloshauri mambo ya kupima lilisema PSA isitumike kupima watu wazima wa afya. Mwaka 2018 likabadilisha, likasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari, na waliofika 70 na kuendelea wasipimwe kwa desturi.

Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume kwa zaidi ya miaka 20 ulitoa matokeo mwaka 2025: waliokuwa wakiitwa kupimwa walikufa kwa saratani hii pungufu kwa asilimia 13. Si muujiza. Lakini wale hawakuwa watu kama sisi, wala hawakuwa wakifika hospitali wamebebwa. Hoja ya Mzungu ni kwamba amepima kupita kiasi. Sisi hatujapima hata kidogo. Anayekutahadharisha usishibe sana, mwambie kwanza hujala.

Tena dawa ya hoja hiyo ipo: PSA ikiwa juu, usikimbilie kisu. Inarudiwa. Pakiwa na uwezo inafuata picha ya MRI. Halafu kipande kidogo cha tezi kinachukuliwa na kuchunguzwa maabara. Hapo ndipo mtu anaambiwa ana saratani au hana, na ikiwa ni ya polepole anafuatiliwa. Kujua hakukulazimishi kukatwa.

*FANYA HIVI*

1. *Kaa na mzee wiki hii.* Wewe mwenyewe, peke yenu, baada ya Isha au mkiwa mnatembea. Usimtume mama. Mwambie: "Baba, nataka twende sote tukapimwe." Mimi nilipomwambia babangu alinyamaza mpaka tukafika mlangoni, halafu akasema, "Mdogo wangu aliwahi kuniambia unambana. Nikamwambia anywe maji kidogo." Alikuwa amekibeba kile kitu miaka yote. Jumatatu yake tulikwenda. Alikuwa amevaa kanzu kama anakwenda harusini.

2. *Umri.* Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri mazungumzo na daktari yaanze miaka 50 kwa wengi, 45 kwa wanaume weusi na kwa wenye baba au ndugu aliyeugua kabla ya miaka 65, na 40 kwa wenye zaidi ya mmoja katika ukoo. Muulize daktari wako inayomfaa mzee wako.

3. *Kabla ya damu kutolewa.* Siku mbili kabla mzee asikutane na mkewe na asiendeshe baiskeli sana. Kama ana maambukizi ya mkojo, yatibiwe kwanza na kipimo kingoje wiki kadhaa. Kama anatumia dawa yoyote ya tezi, aseme, kwa sababu ziko zinazoshusha PSA na kudanganya majibu.

4. *Bei.* Piga simu maabara tatu kabla ya kwenda, kwa sababu zinatofautiana sana. Sisi tulilipa shilingi 2,000. Gawaneni ndugu. Tunachangia harusi mpaka keki, tutashindwa na hili? Na uliza kwanza hospitali ya umma kama SHA italipia.

5. *Usingoje ukiona haya.* Damu kwenye mkojo au manii, mkojo kukataa kutoka kabisa, mgongo au nyonga kuuma mfululizo hasa usiku, miguu kulegea au kufa ganzi. Mkojo ukifunga na miguu ikilegea ni dharura, nenda siku hiyo hiyo.

6. *Kamati za misikiti.* Tunaomba Ijumaa moja tu. Mualikeni daktari mwanamume aongee dakika kumi baada ya swala, wanaume kwa wanaume. Mnayo spika, mnao watu, mnayo imani yao. Mzee anayemkimbia daktari hamkimbii imamu wake.

7. *Bajeti ya kaunti.* Serikali ya kaunti inapaswa kupeleka mpango wake wa fedha bungeni kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Katikati hapo kuna vikao vya wananchi. Huwa vinajaa watu wanaosubiri soda. Tuingie sisi vijana kumi kila wadi, tuandike ombi moja: PSA kwenye kila kambi ya afya na kila hospitali ya kaunti, bila malipo kwa wanaume waliofikia umri. Ombi la maandishi, lenye sahihi, nakala mbaki nayo.

Ami alipokuwa kitandani aliniita siku moja, akaniambia nimtafutie kiti kizuri cha kuswalia, akipona arudi msikitini. Nikamnunulia kile cha plastiki chenye mikono. Hakukikalia hata siku moja. Kiko pale msikitini mpaka leo, safu ya mwisho karibu na mlango, na mzee mwingine ndiye anayekikalia siku hizi. Juzi nimemwona akitoka katikati ya swala, mkono umeshika tumbo.

Nilimngoja nje. Nimeshaongea na mwanawe, na inshallah Alhamisi tunakwenda.

Wewe unakwenda na nani? Mtaje hapo chini ndugu yako, au binamu yako, mwenye baba aliyepita miaka 45. Na ukishampeleka wako, rudi utuambie, ili mwenye haya aone wenzake wamekwenda na wamerudi.

Wassalamu alaykum.